Uchangamano unavyoipa kampuni nguvu sokoni, kisha ukaigeuka

NDEGE ya shirika la Ethiopian Airlines iliyopaa kutoka Addis Ababa asubuhi ya Jumapili, Machi 10, 2019, ikielekea uwanja wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, ilidumu angani kwa dakika sita pekee. Watu wote 157 waliokuwemo waliangamia, na hakuna taifa lililopoteza raia wengi katika mkasa huo kuliko Kenya. Miezi minne na siku chache kabla ya hapo, Oktoba 29, 2018, ndege ya aina iyo hiyo, Boeing 737 MAX 8, ilikuwa imetumbukia baharini nchini Indonesia na kuwaua watu 189.

Mengi yamesemwa kuhusu mikasa hiyo kwa upande wa usalama, sheria na fidia. Hata hivyo, ndani yake mna kisa kingine ambacho wasomi wa biashara wamekuwa wakikichambua kwa miaka kadhaa. Ni kisa cha kampuni mbili za Marekani, shirika la ndege la Southwest na kampuni ya Boeing, zilizojenga nguvu zao za ushindani juu ya ndege moja, Boeing 737, kwa zaidi ya miongo minne. Ni kisa pia cha jinsi mambo yalivyorundikana juu ya ndege hiyo kidogo kidogo, hadi kile kilichokuwa ngome kikageuka kuwa mzigo.

Mrundikano huo ndio wataalamu wanaouita uchangamano. Mwanafunzi aliyewahi kuchanganua sentensi changamano anajua maana yake: vishazi vinavyotegemeana, kiasi kwamba ukikiondoa kimoja, vingine hupoteza maana. Kampuni nayo huwa changamano sehemu zake zinapotegemeana vivyo hivyo. Ukubwa pekee hautoshi. Kiwanda chenye wafanyakazi elfu kumi wanaofanya kazi moja ni kikubwa lakini si changamano, ilhali duka dogo lenye bidhaa mia nane, wauzaji arobaini wa jumla na bei zinazobadilika kila wiki linaweza kumkosesha mwenyewe usingizi.

Kisa chenyewe kinaanzia Texas. Mnamo 1967, mfanyabiashara Rollin King na wakili Herb Kelleher waliandikisha kampuni ya ndege iliyokusudiwa kuhudumia miji ya jimbo hilo pekee. Mashirika yaliyokuwepo yaliikimbiza mahakamani, na ikawachukua waanzilishi hao takriban miaka minne kabla ya ndege yao ya kwanza kupaa Juni 18, 1971, kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Ndege zilizotumika zilikuwa Boeing 737.

Mwaka uliofuata, pesa zikiwa zimeadimika, kampuni hiyo ililazimika kuuza moja kati ya ndege zake nne. Usimamizi ulikuwa na njia mbili: kupunguza safari au kufanya safari zile zile kwa ndege tatu. Ulichagua njia ya pili, na hesabu ikaonyesha kwamba hilo lingewezekana tu iwapo kila ndege itakayotua ingeshusha abiria, kupakia wengine na kuondoka katika muda wa dakika 10.

Abiria aliyezoea matatu ataielewa hesabu hiyo bila kufunzwa. Gari lililoegeshwa stejini haliletei tajiri wake hata ndururu. Tofauti ni kwamba makanga anaweza kujaza gari kwa kupiga kelele, lakini ndege ina mizigo, mafuta, usafi, ukaguzi na orodha ya abiria. Ili dakika 10 zitoshe, ilibidi mambo mengi yaambatane.

Southwest haikuwapa abiria chakula cha kupakuliwa, hivyo hapakuwa na magari ya vyakula ya kusubiriwa wala masinia ya kuondolewa. Haikugawa viti, kila mmoja aliketi alipopata, na kwa hivyo watu waliharakisha kuingia. Haikuhamisha mizigo kwenda mashirika mengine. Ilikwepa viwanja vikubwa vyenye msongamano pale ilipoweza. Zaidi ya yote, ilitumia ndege za aina moja. Rubani yeyote aliweza kuendesha ndege yoyote, fundi yeyote aliweza kuikarabati, vipuri vilihifadhiwa vya aina moja, na ndege moja ikiharibika nyingine ilichukua nafasi yake bila mpango wa wafanyakazi kuvurugika.

Kila jambo kati ya hayo lilikuwa jepesi. Nguvu ilikuwa katika kushikana kwake. Kutogawa viti pekee kusingeleta faida kubwa. Kulileta faida kwa sababu kulisaidia dakika 10, na dakika 10 zilisaidia ndege kuruka mara nyingi kwa siku, na safari nyingi zilisaidia nauli kuwa nafuu, na nauli nafuu ndiyo iliyowafanya abiria wakubali kukosa chakula. Kwa abiria, huo ulikuwa urahisi mtupu. Kwa mpinzani aliyetaka kuuiga, ulikuwa mtandao usio na mlango.

Mnamo 1993, shirika la Continental lilijaribu kuuingia. Lilianzisha huduma ya bei nafuu iliyoitwa Continental Lite, likaondoa chakula na viti vya daraja la kwanza katika safari hizo, likaongeza idadi ya safari na kupunguza nauli. Lakini lilibaki kuwa shirika la kawaida katika safari zake nyingine, hivyo liliendelea kutegemea mawakala wa usafiri, aina tofauti za ndege, uhamishaji wa mizigo na ugawaji wa viti. Ndege zilichelewa na malalamiko yakazidi. Huduma hiyo ilifungwa 1995.

Profesa Michael Porter wa Chuo Kikuu cha Harvard aliutumia mfano huo katika makala yake mashuhuri ya 1996 kuhusu maana ya mkakati. Hoja yake ilikuwa kwamba mpinzani anaweza kuiga shughuli moja, lakini uwezekano wa kuziiga zote kwa pamoja hupungua kila shughuli inapoongezwa. Tuseme mwigaji ana uwezekano wa asilimia 90 wa kuifanya kila shughuli vyema. Zikiwa shughuli 10 zinazotegemeana, uwezekano wa kufaulu katika zote ni takriban asilimia 35. Zikiwa 20, ni asilimia 12 tu. Mnamo 2000, Jan Rivkin, pia wa Harvard, alieleza jambo hilo kwa hisabati: maamuzi yanapokuwa mengi na kila moja likiathiri mengine, hata mwigaji mwerevu hukwama, kwa kuwa kosa dogo katika sehemu moja huharibu manufaa ya sehemu nyingine zote.

Matokeo kwa Southwest yalionekana katika vitabu vyake vya hesabu. Kuanzia 1973 hadi 2019 ilipata faida kila mwaka, miaka 47 mfululizo, katika biashara ambayo mashirika mengi makubwa ya Marekani yaliwahi kuomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wao.

Somo la ndege za aina moja lilienea ulimwenguni, Afrika Mashariki ikiwemo. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza safari zake Aprili 2014 ikitumia Boeing 737-300, lakini baadaye ikaziacha na kubaki na ndege za mapanga za Dash 8-400 pekee.

Hadi hapo uchangamano unaonekana kuwa rafiki. Lakini mtandao unaomzuia mgeni kuingia humzuia pia mwenyeji kutoka. Ili kuelewa jambo hilo inafaa kuhama kutoka kwa mteja na kwenda kwa muundaji wa ndege.

Boeing 737 ilipaa kwa mara ya kwanza Aprili 1967 na kuanza kubeba abiria mwaka uliofuata. Iliundwa kwa ajili ya viwanja vidogo, hivyo ilisimama karibu na ardhi ili mizigo ipakiwe kwa mikono na abiria wapande bila ngazi ndefu. Injini za enzi hizo zilikuwa nyembamba na ziliingia chini ya mabawa bila taabu.

Miaka ilivyosonga, injini zilinenepa, kwa kuwa injini pana hutumia mafuta kidogo. Katika miaka ya themanini, Boeing ilipounda 737-300, nafasi chini ya bawa haikutosha, na wahandisi wakalazimika kuusawazisha upande wa chini wa mdomo wa injini ili usikaribie ardhi. Msafiri makini anaweza kuona ubapa huo hadi leo. Southwest ilikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza wa ndege hiyo, na ndiyo iliyoongoza pia katika kupokea 737-700 mnamo 1997. Kila toleo jipya lilikuwa na sharti moja lisilotamkwa sana hadharani: lifanane na la awali kiasi kwamba rubani wa 737 asihitaji masomo marefu.

Sharti hilo lilikuwa na maana kamili kibiashara. Kwa Southwest lililinda ule mtandao wake wote. Kwa Boeing lilimaanisha kwamba mteja aliyekwisha kuwafunza maelfu ya marubani wa 737 angeona hasara kubwa kuhamia kwa Airbus. Urahisi wa mteja ndio uliokuwa kufuli ya muundaji.

Airbus ilivunja utulivu huo Desemba 2010 ilipotangaza A320neo, yenye injini mpya za kupunguza mafuta. A320, iliyoanza kazi 1988, ilikuwa imesimama juu zaidi kutoka ardhini, hivyo injini pana ziliingia bila matatizo makubwa. Mnamo Julai 2011, shirika la American Airlines, lililokuwa mteja wa Boeing kwa miaka mingi, liliagiza ndege 460 kwa mpigo: 260 za Airbus na 200 za Boeing. Mwezi uliofuata Boeing iliacha wazo la kuunda ndege mpya kabisa na badala yake ikaidhinisha 737 MAX. Southwest iliagiza 150 mnamo Desemba mwaka huo.

Kwa mujibu wa ripoti ya kamati ya Bunge la Wawakilishi la Marekani iliyotolewa Septemba 2020, Boeing ilikubali kuipunguzia Southwest bei kwa dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, ingedai marubani wa MAX wafanye mazoezi katika mtambo unaoigiza safari. Kifungu hicho kimoja cha mkataba kinaeleza mengi. Kuanzia hapo, kila mhandisi aliyependekeza badiliko ambalo rubani angelazimika kufunzwa alikuwa, kwa hesabu ya kampuni, akipendekeza hasara ya mamilioni ya dola.

Injini mpya zilikuwa pana zaidi ya zilizotangulia, ikabidi zisogezwe mbele na kuinuliwa. Majaribio yakaonyesha kwamba katika hali fulani pua ya ndege ingeelekea kuinuka kwa namna ambayo rubani wa 737 hakuizoea. Njia moja ya kutatua jambo hilo ilikuwa kulibadilisha umbo la ndege. Boeing ilichagua programu ya kompyuta iliyoitwa MCAS, ambayo ingeshusha pua yenyewe, bila rubani kuiamuru.

Hapo mwanzo programu hiyo ilikusudiwa hali adimu na ingesogeza sehemu ya mkia kwa nyuzi 0.6 pekee. Mnamo 2016 uwezo wake uliongezwa hadi nyuzi 2.5 na ikaruhusiwa kufanya kazi hata katika mwendo wa chini. Baadhi ya maafisa wa FAA waliotathmini usalama wake hawakujua kuhusu badiliko hilo. Ilitegemea taarifa za kihisi kimoja pekee, ijapokuwa ndege ilikuwa na viwili. Haikutajwa katika vitabu vya mwongozo vya marubani. Taa ya kuwaonya marubani kwamba vihisi viwili vinatofautiana, nayo, haikufanya kazi katika ndege nyingi kwa sababu ilikuwa imefungamanishwa na kifaa cha ziada ambacho wateja wengi hawakukinunua. Boeing iligundua hitilafu hiyo 2017 na kupanga kuirekebisha baadaye.

Ukiliangalia kila tabaka peke yake, kosa halionekani kubwa. Injini pana ilikuwa na sababu, kuisogeza kulikuwa na sababu, na hata programu ya kompyuta ilikuwa jambo la kawaida katika ndege za kisasa. Hakuna mkutano mmoja ambapo watu waliketi na kuamua kuunda ndege hatari. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kwa namna hiyo hakina mtu anayejua vyote vilivyomo. Idara moja ilijua kuhusu kihisi, nyingine kuhusu nyuzi, nyingine kuhusu mkataba wa Southwest. Rubani aliyekuwa akipambana na usukani juu ya ardhi ya Ethiopia ndiye aliyekutana na tabaka zote kwa wakati mmoja.

Baada ya mkasa wa pili, MAX zilipigwa marufuku kuruka kote duniani. FAA iliziruhusu tena Novemba 2020, miezi 20 baadaye, na mazoezi katika mtambo wa kuigiza safari, yale yale yaliyoepukwa kwa gharama zote, yakawa ya lazima. Boeing ilitangaza hasara ya dola milioni 636 kwa mwaka wa 2019, ya kwanza tangu 1997, kisha hasara ya karibu dola bilioni 12 mwaka wa 2020, janga la corona likiwa limezidisha mambo. Januari 2021 ilikubali kulipa zaidi ya dola bilioni 2.5 ili kesi ya jinai iliyoikabili isitishwe kwa masharti. Kati ya 2019 na 2024 haikupata faida ya mwaka hata mara moja.

Itakuwa makosa kudhani MAX ilikuwa ajali ya pekee katika historia ya kampuni hiyo. Ndege ya 787, maarufu kama Dreamliner, ilikuwa imeonyesha dalili mapema. Boeing iliwaachia washirika wa mataifa mbalimbali usanifu na uundaji wa sehemu kubwa za ndege hiyo: mabawa yalitoka Japani, sehemu za kiwiliwili zilitoka Italia na kwingineko. Katika makaratasi gharama na hatari zilikuwa zimegawanywa. Kwa vitendo, sehemu nyingi zilifika viwandani zikiwa hazijakamilika, na kazi ya kuzipatanisha ikawa kubwa kuliko kazi ya kuziunda. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa mteja Septemba 2011, ikiwa imechelewa kwa zaidi ya miaka mitatu. Kenya Airways, iliyoagiza 787 mwaka wa 2006, ilipokea yake ya kwanza Aprili 2014.

Vilevile, mnamo 2005 Boeing iliuza kiwanda chake cha Wichita, ambacho kilikuja kuitwa Spirit AeroSystems na kuendelea kuiundia viwiliwili vya 737. Mpaka uliochorwa kati ya kampuni hizo mbili ulizaa mikataba, mivutano ya bei na mabishano kuhusu nani arekebishe kasoro ipi. Januari 5, 2024, kipande kilichoziba nafasi ya mlango wa dharura kiling'oka angani katika ndege ya Alaska Airlines, na uchunguzi ukabaini kwamba boliti zake hazikuwa zimerudishwa baada ya kazi ya marekebisho kiwandani mwa Boeing. Kazi hiyo ilikuwa imetokana na ribiti zenye kasoro katika kiwiliwili kilichotoka Wichita. Julai mwaka huo Boeing ilikubali kukinunua tena kiwanda ilichokiuza, na ununuzi ukakamilika Desemba 2025. Kilichodhaniwa kuwa kimeondolewa kwenye vitabu kilikuwa kimehamishwa tu.

Kwa upande wa Southwest, bili ilikuja kwa awamu mbili. Kwanza, MAX zilipozuiwa kuruka, shirika hilo lilikuwa na 34, nyingi kuliko shirika lolote jingine la Marekani, na halikuwa na aina nyingine ya ndege ya kukimbilia. Sifa iliyoipa nafuu kwa karibu nusu karne ikawa ndiyo inayoifunga mikono.

Awamu ya pili ilifika Krismasi ya 2022, na hii ilikuwa ya kujitakia zaidi. Southwest haikuwa tena kampuni ya miji mitatu. Ilikuwa imeinunua AirTran mnamo 2011 na kuanza safari za nje ya Marekani 2014, na sasa ilihudumia zaidi ya viwanja 100. Ndege zake hazikurudi katika kituo kikuu kimoja kama za wapinzani wake. Zilihama mji hadi mji, na marubani na wahudumu pamoja nazo. Mpangilio huo hufaa sana mambo yakiwa shwari. Dhoruba ya theluji ikipiga miji kadhaa kwa pamoja, wafanyakazi hujikuta wametapakaa mbali na ndege wanazopaswa kuziendesha.

Programu ya kuwapanga upya wafanyakazi hao ilielemewa. Marubani walilazimika kupiga simu makao makuu kueleza walipo, wengine wakisubiri kwa saa nyingi. Chama chao kilikuwa kimeonya kwa miaka kadhaa kwamba mitambo hiyo imepitwa na wakati. Mashirika mengine yalirejea katika hali ya kawaida baada ya siku chache, lakini Southwest ilifuta zaidi ya safari 16,000 na kuwakwamisha abiria zaidi ya milioni mbili. Desemba 2023 serikali ya Marekani iliitoza dola milioni 140, adhabu ambayo haikuwa na kifani katika sekta hiyo.

Mbona hawakuona? Swali hilo huulizwa kila kampuni inapoanguka, na jibu lake si la kufurahisha. Faida ya kuongeza kitu huonekana mara moja na ina mwenyewe: meneja aliyefungua njia mpya hupongezwa, aliyeongeza bidhaa hupandishwa cheo. Gharama ya kuongeza kitu hicho hutawanyika kwa idara zote na haina mstari wake katika taarifa za hesabu. Hakuna mhasibu anayeandika kwamba kuanzia leo kazi ya watu wa ratiba imekuwa ngumu maradufu. Isitoshe, wanaoihisi gharama hiyo kwanza ni watu wa ngazi za chini, akina fundi na karani wa zamu, na malalamiko yao hufika juu yakiwa yamepunguzwa makali.

Kampuni ya LEGO ya Denmark, inayounda vitofali vya watoto vya kuchezea, ni miongoni mwa chache zilizowahi kugeuza mwelekeo kabla ya kuzama. Ilipofika 2003 ilikuwa ikipata hasara kubwa, na idadi ya aina za vipande ilivyounda ilikuwa imepanda hadi zaidi ya 12,000. Ilikuwa pia na bustani za burudani na biashara nyinginezo zisizohusiana na vitofali. Jørgen Vig Knudstorp, aliyetwaa uongozi 2004 akiwa na umri wa miaka 35, alipunguza aina za vipande kwa takriban nusu na kuuza sehemu kubwa ya umiliki wa bustani hizo mnamo 2005. Inafaa kukumbukwa kwamba hata yeye alijikwaa: mnamo 2006 LEGO iliikabidhi kampuni ya Flextronics sehemu kubwa ya uzalishaji ili kurahisisha mambo, ikagundua kwamba kumsimamia mwanakandarasi kulikuwa kugumu kuliko kuendesha kiwanda, na ikaanza kuirejesha kazi hiyo nyumbani 2008.

LEGO haikuondoa kila kilichokuwa kigumu. Kanuni kwamba kitofali cha leo lazima kishikane na cha 1958, ambayo hudai usahihi wa hali ya juu katika kalibu zake, iliachwa kama ilivyo. Huo ni uchangamano anaoupata mtoto mkononi kila anapocheza, na ambao mwigaji huona taabu kuufikia. Aina elfu kadhaa za vipande vilivyotumika katika seti moja tu hazikuwa na kazi ya namna hiyo.

Southwest nayo imelazimika kuamua kipi ni kipi, ingawa kwa shinikizo la wenyehisa. Kwa sadfa ya ajabu, hazina ya uwekezaji iliyonunua hisa zake kwa wingi mwaka wa 2024 na kudai mabadiliko inaitwa Elliott, jina lile lile ambalo dhoruba ya Krismasi ya 2022 ilikuwa imepewa. Julai 2024, shirika hilo lilitangaza kwamba desturi ya kuketi popote itakoma na viti vitagawanywa. Februari 2025 liliwafuta kazi wafanyakazi 1,750 wa makao makuu, hatua ambayo haikuwahi kuchukuliwa kwa kiwango hicho katika historia yake. Mei 28 mwaka huo likaanza kutoza ada ya mizigo ambayo kwa miaka mingi ilibebwa bila malipo.

Wapo wanaosema mabadiliko hayo yatajaza hazina, kwa maana abiria wa leo yuko tayari kulipia kiti anachokitaka. Wengine wanahofia kwamba Southwest inakata nyuzi zile zile zilizoufanya mtandao wake ushindwe kuigwa, na kwamba ikifanana na mashirika mengine itashindana nayo kwa masharti yao. Nauli zake zilikuwa tayari zimeanza kukaribiana na za wapinzani, hivyo hoja ya pili haina nguvu kama ilivyokuwa miaka ishirini iliyopita. Lakini haijafa: kiti kilichogawanywa, mkoba uliolipiwa na tikiti za madaraja mbalimbali vyote vinahitaji programu, sheria, mafunzo na mtu wa kutatua ugomvi langoni, na dakika za ndege kukaa uwanjani zinahesabika vile vile.

Shirika hilo bado linaendesha Boeing 737 pekee. Liliagiza toleo dogo la MAX 7 mnamo 2013, na mwaka wa 2025 ulimalizika kabla halijapokea hata moja, maafisa wa usalama wakiwa bado wanalichunguza kwa makini ambayo hayakuwepo enzi za MAX 8. Oktoba 2025, idadi ya ndege za A320 na ndugu zake zilizowahi kukabidhiwa wateja iliipita ile ya 737, ndege iliyokuwa imeitangulia kwa miaka 20.